Kibaba, Doti na Frasila: Hesabu za Njia ya Zamani ya Tabora

Siku moja tulikuwa tukiwafundisha watoto habari za njia ya zamani, ile itokayo Bagamoyo, ipitayo Ugogo, ifikayo Tabora na kuendelea hata Ujiji. Tulipokwisha kueleza jinsi watu walivyochukua pembe za ndovu mabegani, mtoto mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, je, babu zetu walikuwa punda wa Waarabu?" Wenzake wakacheka, lakini sisi hatukucheka. Tulijua ya kuwa swali lile hakulitunga mwenyewe, alilisikia nyumbani. Maana hata leo wako wazee wasiopenda kusema ya kuwa katika ukoo wao alikuwako mpagazi. Hulitaja neno hilo kwa sauti ya chini, kama mtu atajaye ugonjwa wa aibu.

Tulimjibu kwa kifupi, tukasema, "La, walikuwa watu hodari." Lakini jibu hilo halikuturidhisha sisi wenyewe, kwa kuwa mtoto mwenye akili angeweza kuuliza tena, "Mwajuaje?" Basi leo twataka kumjibu vema zaidi, wala si kwa maneno ya sifa, bali kwa hesabu.

Huenda msomaji atastaajabu na kusema, "Hesabu ni ya duka na ya shamba, ina kazi gani katika habari za watu waliokufa zamani?" Ina kazi kubwa. Mambo ya kale twayapata kwa maneno ya watu, na maneno ya watu huchanganyika na kiburi, hofu na chuki. Lakini mtu aandikaye ya kuwa amenunua nafaka kadha wa kadha kwa nguo kadha wa kadha, mara nyingi ameandika kwa ajili ya mfuko wake tu, wala hakujua ya kuwa ametuachia ushahidi.

Mataifa mengine yamekwisha kuifanya kazi hii. Mwaka 301 Kaisari Diocletian wa Rumi alitoa amri ya kuweka mpaka wa bei za vitu na wa ujira wa watu. Amri ile ilichongwa katika mawe, na vipande vyake vingi vimeonekana. Katika siku zetu mtaalamu Robert Allen aliutwaa ujira wa kibarua ulioandikwa pale, akaupima kwa bei za chakula na mavazi, akaona ya kuwa kibarua yule wa Rumi, pamoja na fahari yote ya mji wake, alipata riziki ya kubana tu. Kadhalika Mmarekani Robert Fogel aliuliza, "Kama reli zisingalijengwa Marekani, nchi ile ingalipungukiwa na kiasi gani?" Akazihesabu gharama za mito, mifereji na magari ya farasi, akaona ya kuwa hasara ingalikuwa ndogo kuliko watu walivyodhani. Kwa kazi za namna hiyo yeye na mwenzake Douglass North walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1993.

Sisi hatuna amri ya Kaisari iliyochongwa katika mawe. Lakini tunazo daftari za wafanya biashara, barua za mabalozi wa Unguja, na vitabu vya wasafiri waliopita hapa petu. Humo zimejaa hesabu. Na vipimo vyao si vigeni kwetu. Kibaba twakijua, na pishi twaijua, nayo ni vibaba 4. Frasila ilikuwa ratli 35 hivi, yaani karibu kilo 16. Nguo ilipimwa kwa shuka na doti: shuka ni mikono 4, au yadi 2, doti ni shuka mbili, au yadi 4. Kwa vipimo hivi vichache twaweza kufanya hesabu ambazo mtoto wa darasa la tano azimudu.

Hesabu ya kwanza ni ya mzigo na chakula. Msafiri Burton, aliyefika Tabora pamoja na mwenziwe Speke tarehe 7 Novemba 1857, aliandika ya kuwa posho ya mtu kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, nacho kilikuwa na uzito wa ratli moja na nusu hivi. Naye Stanley, aliyepita mwaka 1871, aliweka mpaka wa mzigo wa mpagazi kuwa ratli 70, yaani frasila mbili. Safari ya kutoka pwani hata Tabora, kwa msafara usiokawia sana, ilichukua kama miezi mitatu, tuseme siku 90.

Haya, tuhesabu. Siku 90 kwa ratli moja na nusu ni ratli 135. Kumbe chakula cha mtu mmoja kwa safari moja ni karibu mara mbili ya mzigo awezao kuchukua! Kama mpagazi angalichukua nafaka tupu, asichukue pembe wala nguo, siku ya 47 angaliimaliza yote, naye yuko katikati ya njia. Basi twapata neno moja lisilo na shaka: msafara haukuweza kabisa kuchukua chakula chake. Ulikula chakula cha nchi ulizozipita.

Hapo ndipo tunapoanza kuona watu ambao vitabu haviwataji. Msafara wa watu 100 ulitaka ratli 150 za nafaka kila siku. Msafara wa watu 1,000, na misafara mikubwa namna hiyo ilikuwako, ulitaka ratli 1,500, yaani pishi 250, kila jua lituapo. Wataalamu wa siku hizi hukadiria ya kuwa mwishoni mwa karne ya 19 wapagazi waliopita njia hizi za kati walifika kama laki moja kwa mwaka. Kama kadirio hilo ni kweli, na kama kila mmoja alikwenda siku 90 tu, walikula zaidi ya tani 6,000 za nafaka, bila kuhesabu marejeo yao.

Nani aliyelima nafaka hiyo? Si Mwarabu, wala si Mzungu. Ni wenyeji wa kandokando ya njia, na wengi wao walikuwa wanawake, waliolima zaidi ya haja ya nyumba zao wapate cha kuuza. Tena, tusifiche, katika mashamba ya matajiri wa Tabora, Waarabu na Wanyamwezi pia, walilima watumwa. Nyuma ya kila mzigo uliopita palikuwa na jembe. Njia ile ilitengenezwa kwa miguu ya wapagazi, nayo ilishikwa na mikono ya wakulima. Kama wakulima wangalikosa mvua mwaka mmoja, pembe zingalilala njiani.

Hesabu ya pili ni ya nguo. Stanley alipokuwa Unguja akijitayarisha, aliwauliza Waarabu ni nguo kiasi gani zitoshazo kuwalisha watu 100. Wakamwambia, doti 10 kwa siku. Basi kwa mwaka mzima akahesabu doti 3,650, akazinunua kwa mafungu: merikani 2,000, kaniki 1,000, na nguo za rangi 650. Twaona ya kuwa doti moja iliwatosha watu 10 kwa siku moja. Tukiiunganisha hesabu hii na kibaba cha Burton, doti moja ilinunua kama vibaba 10, au ratli 15 za nafaka. Twajua ya kuwa kati ya mashahidi hawa wawili imepita miaka 14, na ya kuwa bei ya Ugogo haikuwa bei ya Unyamwezi. Kwa hiyo hesabu hii si mizani ya dhahabu, bali ni kadirio. Lakini yatosha kutuonyesha kwa nini nguo ilikuwa fedha ya njia ile. Kipande cha yadi 4 ni chepesi sana kuliko ratli 15 za mtama, nacho hakiozi wala hakiliwi na fuko. Wazee wetu hawakupenda nguo kama watoto wapendavyo kitu king'aacho, kama wasafiri wengine walivyoandika kwa dharau. Waliitumia kwa sababu ileile itufanyayo sisi kutumia noti za karatasi.

Na katika ushanga walikuwa wakali zaidi. Stanley aliona ya kuwa ushanga mweusi uliopokewa Ugogo ulikataliwa mahali pengine pote. Na ushanga mweupe uliokubaliwa Ufipa ulidharauliwa Ukonongo. Msafiri asiyejua soko la kila nchi aliweza kufa njaa akiwa na magunia ya ushanga mabegani mwa watu wake. Soko lililo na masharti namna hii si soko la wajinga.

Hesabu ya tatu ni ya siku. Burton alifika Tabora siku ya 134 tangu kutoka pwani, naye alikisia mwendo kuwa maili 600. Ukigawanya, wapata maili nne na nusu tu kwa siku. Mtu mzima aliye na mzigo aweza kwenda maili hizo kabla jua halijawa kali. Basi siku nyingi msafara ule ulikaa tu: kwa homa, kwa kungoja wapagazi, kwa maneno ya hongo, kwa kutafuta chakula. Burton aliwalaumu sana wapagazi wake. Lakini hesabu yatushauri tuulize pia habari za mwenye msafara, maana Stanley aliipita njia hiyo kwa miezi mitatu hivi, na Wanyamwezi katika misafara yao wenyewe walikwenda upesi kuliko walivyokwenda na wageni.

Tena itazame kalenda. Wanyamwezi wengi waliondoka kwao baada ya mavuno, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua za kupandia. Miezi mitatu ya kwenda na mitatu ya kurudi ni miezi sita: kutoka Mei hata Novemba. Hesabu yaingia sawasawa kama mpini katika jembe. Mtu aliyeipanga kazi yake ya mwaka hivi, nusu shamba na nusu njia, si punda. Punda hachagui mwezi wa kuondoka.

Mwaka 2006 mtaalamu Stephen Rockel alitoa kitabu juu ya wapagazi wa nchi yetu katika karne ya 19, naye aonyesha ya kuwa wengi wao, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru, waliofanya kazi kwa ujira. Walipatana malipo kabla ya kuondoka. Walikuwa na viongozi wao, na desturi zao za mzigo na za kambi. Posho ilipopunguzwa, au safari ilipozidishwa kuliko mapatano, walitua mizigo chini wakakataa kuendelea mpaka maneno yao yasikiwe. Wasafiri waliandika kwa hasira, "Ni wakaidi, ni wavivu, wametoroka." Sisi tusomapo leo twaona wafanya kazi wanaotetea haki yao. Hatusemi ya kuwa wote walikuwa huru. Walikuwako watumwa waliochukuliwa mizigo, na wako watumwa wa pwani waliokodishwa na bwana zao, wakagawana ujira nao. Lakini kusema ya kuwa wapagazi wote walikuwa watumwa ni kusema uongo juu ya watu wengi waliokula jasho lao.

Hesabu ya nne ni ya bei, nayo ndiyo inayoeleza vita vyetu. Profesa Abdul Sheriff wa Zanzibar, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alizikusanya bei za pembe na bei za nguo zilizoletwa kutoka ng'ambo. Aliona ya kuwa kutoka miaka ya 1820 hata miaka ya 1870 bei ya pembe katika Unguja iliongezeka zaidi ya maradufu, kwa sababu Ulaya na Marekani zilitaka pembe kwa vitana, vinanda na mipira ya michezo. Lakini bei ya nguo haikupanda hivyo, kwa kuwa mashine ziliifanya nguo kuwa rahisi. Tufanye mfano, na uwe mfano tu: ikiwa frasila ya pembe ilinunua doti 10, kisha bei ya pembe ikawa maradufu na bei ya nguo ikabaki palepale, basi sasa pembe ileile yanunua doti 20. Hizo doti 10 zilizozidi ni za nani? Za mwindaji? Za mtemi mwenye nchi? Za mwenye msafara? Au za tajiri wa Unguja?

Swali hilo ndilo lililopiganiwa katika nchi hii. Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe alitaka kuwatoza kodi wafanya biashara wa Tabora. Waarabu wakakataa, naye akafukuzwa katika utemi wake mwanzoni mwa miaka ya 1860, hata akauawa mwaka 1865. Baadaye akaondoka Mirambo wa Urambo. Mwaka 1871 akaifunga njia ya Ujiji, na vita vyake na Waarabu wa Tabora vikaendelea miaka kadha. Vitabu vingine vyasema walipigana kwa sababu walipenda vita. Bei zasema neno jingine: aliyeishika njia aliishika ile ziada. Pembe zilipozidi kuwa ghali, ndovu walizidi kwisha, na watu wakawafuata mbali zaidi magharibi, hata Manyema. Na bunduki nyingi zikaingia bara.

Lakini sasa, wasomaji wapendwa, yatupasa kusema mipaka ya hesabu, tusije tukaiabudu. Kwanza, vipimo vya kale havikuwa sawa. Mkono wa muuzaji mrefu si mkono wa muuzaji mfupi, na kibaba cha mnunuzi mara nyingi kilikuwa kikubwa kuliko kibaba cha muuzaji. Pili, waliohesabu walihesabu mali yao tu. Pembe iliandikwa katika daftari la forodha kwa sababu ililipa ushuru. Mtu aliyekufa kwa ndui porini hakulipa ushuru, wala hakuandikwa. Mwanamke aliyetwanga posho ya msafara hakuandikwa. Mtoto aliyetekwa na kuuzwa, kama aliandikwa, aliandikwa kama bei. Tukichukua bei yake na kuitia katika hesabu zetu bila kusita, tumekuwa kama waliomwuza. Biblia yatuambia ya kuwa mfalme Daudi aliwahesabu watu wake, kisha moyo wake ukamchoma. Twadhani kosa lake lilikuwa kuwatazama watu kama nguvu zake mwenyewe, akasahau ya kuwa ni roho zilizo mali ya Mungu. Mwalimu wa historia na akumbuke hayo kila ashikapo kalamu ya kujumlisha.

Je, aibu ya neno "mpagazi" ilitoka wapi, ikiwa kazi yenyewe ilikuwa ya heshima? Sisi twadhani hesabu zaweza kutusaidia hapa pia. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Tani moja ya Kiingereza ni ratli 2,240, yaani mizigo 32 ya wapagazi. Basi behewa moja la tani 10 lilichukua mizigo ya watu 320, wala halikula kibaba hata kimoja. Kazi ya njia kuu ikafa kwa hesabu hiyo. Na mara ikaja vita ya 1914 hata 1918. Wadachi, Waingereza na Wabelgiji, ambao walitwaa Tabora Septemba 1916, wote walitaka watu wa kuchukua mizigo mahali ambapo reli haikufika. Wengi walikamatwa kwa nguvu. Hawakupatana ujira kabla ya kuondoka, hawakuchagua mwezi, wala hawakuweza kutua mzigo posho ilipopungua. Makumi elfu wakafa kwa njaa na maradhi. Yule mpagazi wa vita ndiye aliyekumbukwa na wazee wetu, na kwa ajili ya mateso yake yule mpagazi wa kwanza, mtu aliyefunga safari kwa hiari akarudi na mtaji wa ng'ombe, amesahauliwa. Jina ni moja, lakini kazi zilikuwa mbili.

Basi tulirudi darasani, tukaandika ubaoni: ratli 70, kibaba kimoja, siku 90. Tukawaambia watoto wahesabu wenyewe. Yule aliyeuliza juu ya punda alikuwa wa kwanza kuona ya kuwa chakula chashinda mzigo. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza swali jingine: "Basi, mwalimu, nani aliyewapikia?" Hilo ni swali bora kuliko la kwanza, nasi twakiri ya kuwa vitabu vyalijibu kwa shida.

Kwa hiyo twawaomba ninyi mlio vijijini, hasa ninyi mkaao karibu na njia ya zamani. Kama katika nyumba yenu kuna kibaba cha kale, kipimeni. Kama bibi yenu alisikia kwa bibi yake ni pishi ngapi zilizouzwa kwa doti moja, au shamba la msafara lilikuwa upande gani, liandikeni neno hilo pamoja na jina la mahali. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hicho siku moja kitakuwa mkononi mwa mtoto aulizaye habari za babu zake, naye hatajibiwa tena kwa sauti ya chini.